Herufi za Kitabu za Gideoni Mtewele

Ukifika Makambako ukamuulizia Gideoni Mtewele, watu watataka kujua kwanza una shida gani. Kama ni fotokopi, picha za pasipoti au kuwekea cheti plastiki, watakuelekeza dukani kwake. Kama ni bango, watakushika mkono wakupeleke kwa mtu mwingine. Gideoni mwenyewe ndiye anayelisimulia hili, na akilisimulia hucheka mpaka miwani inamteleza puani. Lakini mwanzoni hakucheka, jamani. Mwanzoni alinuna, na Gideoni akinuna si mchezo: anaweza kuanza kwenye chai ya asubuhi akafika nayo kwenye ugali wa usiku bila kupumzika.

Chanzo chote ni kompyuta. Aliinunua kuukuu kwa mtu mmoja wa Iringa aliyeachana na kazi ya uchapaji akaenda kulima maparachichi. Ndani yake, katikati ya kalenda za zamani na kadi za harusi za watu ambao pengine walishaachana, Gideoni akakuta aina moja ya herufi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Zilikuwa herufi za kizamani, zile zenye vijiguu kwenye ncha, mstari huu mnene na ule mwembamba, kama za vitabu alivyosomea shule. Maelezo yake yalisema zimetengenezwa kwa ajili ya maandishi ya vitabu na majarida. Mtu mwingine angesoma hapo akaelewa: vitabu na majarida, basi. Gideoni alisoma akaelewa kwamba hatimaye kuna mtu huko duniani ameutambua ukubwa wake.

Akaikuza herufi a ndogo ikajaa kioo kizima. Akaitazama tumbo lake lilivyojaa na shingo yake ilivyoinama. Ikabidi amwite mkewe Esteria, aliyekuwa anasonga ugali nyuma ya duka. Esteria akaja na mwiko mkononi.

"Unaona nini?" Gideoni akamuuliza.

"Naona a."

"Itazame vizuri, Mama Brayson."

"Nimeitazama, Baba Brayson. Ni a. Na ugali wangu unaungua."

Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotoka dukani kwake bila vijiguu. Maharusi walikuja wanataka kadi zenye herufi za kujisokota kama mizabibu, wakaondoka na mhadhara. Mtu alileta barua ya kuomba kazi ya ulinzi, akarudishiwa imepangwa safi kama ukurasa wa kwanza wa kitabu cha historia, na kazi akaikosa. Gideoni anaapa kwamba herufi hazikuhusika. Esteria anaangalia pembeni tu.

Halafu likaja la Mama Hyasinta. Mama huyu ana mgahawa barabarani, nje kidogo ya mji, na alichotaka ni kitu chepesi kabisa: madereva wa malori wajue kuna chakula kabla hawajapita. Gideoni akamchapishia bango refu, jeupe, na katikati yake, kwa unyenyekevu mkubwa, akaandika "Chakula tayari muda wote" kwa herufi zake za kitabu. Pembeni akaacha uwazi mwingi, eti maneno yapate kupumua. Malori yakapita. Mabasi yakapita. Mama Hyasinta akavuka barabara ili aone wanachokiona wao, akarudi na bango limekunjwa kwapani mpaka dukani kwa Gideoni.

"Fundi, nimesimama ng'ambo ya pili. Mimi mwenyewe ninayejua kilichoandikwa sikukiona."

"Mama, herufi hizi si za kusomwa mbiombio. Mtu anatakiwa atulie nazo."

"Atulie nazo wapi? Katikati ya barabara?"

Gideoni akalikunjua bango akalitazama. Ni kweli, ile mistari myembamba aliyokuwa akiilamba kwa macho ilikuwa imetengenezwa kukaa karibu na uso wa mtu, siyo kupambana na vumbi la lori la mbao. Mama Hyasinta akanunua rangi nyekundu na brashi, akaandika juu ya bango lile lile WALI NYAMA, ile N imegeuka nyuma mbele kwa sababu ya haraka, na mchana ule ule malori mawili yakasimama. Gideoni akapita pale akaona. Ndipo aliponuna ule mnuno wake wa chai mpaka ugali, akimwambia kila aliyeingia dukani kwamba watu wa mji huu hawana jicho.

Ingekuwa mabango tu, tungecheka tukaishia hapo. Lakini kuna Shangazi Dorosela.

Shangazi Dorosela anakaa Matembwe, na ndiye aliyemlea Gideoni. Mama yake Gideoni alifariki mtoto akiwa hajaanza hata shule, baba akaenda kutafuta kazi za mbao na hakurudi tena kukaa. Yote Gideoni aliyo nayo, kuanzia kusoma mpaka kupiga magoti akisali, ameyapata kwenye nyumba ya shangazi huyo. Na shangazi mwenyewe kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, mtoto mgongoni, chaki mkononi. Tangu alipojua hakuacha. Alisoma kitabu cha nyimbo hata siku ambazo hakuna ibada. Alisoma mifuko ya mbolea. Gazeti likifungiwa nyama, alilikausha kwanza juani ndipo akalisoma, damu na yote.

Halafu macho yakaanza kumgomea. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwisha, na la kulia nalo lingepungua taratibu; dawa za matone zingelichelewesha, lakini kilichopotea hakirudi. Shangazi akarudi nyumbani akalia siku hiyo. Kesho yake akampigia simu Gideoni.

"Gidi, baba, nimesoma habari za watu wengi katika maisha haya. Habari zangu mimi sijazisoma. Wewe si una mashine? Nikuhadithie, uandike, nijisome mwenyewe kwa jicho hili lililobaki kabla halijafunga."

Gideoni akakubali pale pale. Shangazi huyu hakuwa mtu wa kuomba. Katika miaka yote aliyomfahamu, ukiacha chumvi na dawa za mifugo, hakuwahi kumwagiza kitu.

Basi akawa anakwenda Matembwe Jumapili baada ya ibada. Anaingia, anasalimia, "Kamwene, shangazi," anaitikiwa, anaiweka simu juu ya kinu ili irekodi, na shangazi anaanza huku anapukuchua maharage. Alieleza habari za mama yake, baridi ya enzi hizo na nguo moja ya kuvaa, kuchuma chai mpaka vidole vinakuwa vyeusi, mumewe marehemu Haruni aliyepasua mbao kwa msumeno wa mkono, mtoto aliyemzika na watoto waliokua. Alisema mazuri na mabaya bila kubadilisha sauti. Gideoni akirudi dukani anaweka visikilizio masikioni na kuandika.

Sasa mtu mwenye akili zake angechapa akapeleka. Gideoni alikuwa na akili, ila alikuwa ameziazimisha kwa zile herufi. Hatimaye kitabu! Kitabu cha kweli, kitu ambacho herufi zile ziliumbiwa! Akatafuta karatasi yenye rangi ya maziwa yaliyokaa, akaisubiri mpaka ikaletwa kutoka mbali. Akagawa kila ukurasa safu mbili, kama jarida. Akazipunguza herufi, akazipunguza tena, mpaka saizi tisa, kwa sababu kwenye saizi tisa zilisimama kama kwaya iliyofanya mazoezi. Mstari ukibaki na pengo, aliongeza neno. Sentensi ikining'inia vibaya mwisho wa safu, aliikata au akaigeuza. Akajiambia kwamba shangazi akiona ukurasa umetulia hivi atafurahi.

Shangazi akapiga simu. "Gidi, bado?"

"Bado kidogo, shangazi. Nanyoosha pambizo."

"Pambizo ndiyo nini?"

"Ule weupe wa pembeni."

"Yaani unachelewa kwa ajili ya sehemu isiyo na maneno?"

Gideoni akacheka, akarudi kwenye pambizo lake. Mvua zikanyesha zikaisha. Viazi vikachimbwa. Huko Matembwe shangazi akaanza kupapasa meza kabla ya kuweka kikombe, na alipoambiwa hilo kwa simu Gideoni akasikitika sana, akasema lazima afanye haraka, kisha akatumia wiki nyingine kwenye nafasi iliyo kati ya herufi V na herufi a.

Kitabu kilipokamilika ikaandaliwa shukrani nyumbani kwa shangazi. Ndugu wakaja, mwinjilisti akaomba, makande yakapakuliwa. Gideoni alikuwa amevaa koti lake la harusi. Akasimama, akaeleza habari za herufi kwa kirefu kuliko mwinjilisti alivyoeleza habari za Mungu, halafu akakitoa kitabu. Kikapita mkono kwa mkono. "Loo, kama cha dukani!" watu wakasema. Gideoni akavimba, vifungo vya koti vikalalamika.

Mwisho kikamfikia mwenyewe. Shangazi Dorosela akakipokea kwa mikono miwili, akasogea mlangoni penye mwanga, akakifungua. Akakileta karibu na jicho la kulia, akakipeleka mbali, akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Kizuri," akasema. "Kizuri kweli. Na hizi picha za mashamba ya chai ulizipiga lini, Gidi?"

Hakuna picha hata moja mle ndani. Gideoni akatazama ule ukurasa alioutengeneza, na kwa mara ya kwanza akauona alivyouona shangazi yake: mistatili miwili ya kijivu na njia nyeupe katikati. Mashamba mawili ya chai na njia ya wachumaji. Ndugu wakaangalia chini. Mwinjilisti akaangalia makande. Na Gideoni, na koti lake la harusi, akafungua mdomo akasema:

"Juzijuzi tu, shangazi."

"Aha," akasema shangazi. Akakifunga kitabu, akakiweka mapajani, akakipapasa jalada kama anavyopapaswa mtoto aliyeanguka mtihani.

Jioni Gideoni na Esteria wakaondoka. Walipofika Njombe kubadilisha gari, wakakaa kwenye benchi la stendi, baridi imewabana, kila mtu na kikombe chake cha chai. Ndipo Esteria aliposema.

"Baba Brayson, umemdanganya mtu asiyeona."

"Watu walikuwa wananitazama."

"Hilo ndilo ninalolisema."

Gideoni akalia pale pale stendi. Hakulia kwa heshima, alilia kwa kwikwi, mpaka mwuza mayai akaja kumwuliza Esteria kama wamefiwa. Aliona aibu: mama aliyemlea alikuwa ameomba kitu kimoja tu, na yeye muda wa jicho lake ameumaliza kwenye weupe wa pembeni.

Asubuhi iliyofuata hakufungua duka. Akachapa sentensi moja ya shangazi kwa herufi za kila namna, za mabango, za magazeti, nene, nyembamba, na mwisho kabisa, kwa kusitasita, akaweka na zile zake za kitabu, zimenenepeshwa na kukuzwa hata neno moja likachukua upana wa kiganja. Akampa dereva wa gari la Matembwe apeleke. Jioni shangazi akapiga simu.

"Hii ya mwisho naiona. Hizi nyingine naona fito tu."

"Nilijua! Si unaona zilivyo nzuri, shangazi?"

"Uzuri wake siujui, baba. Ndizo nilizojifunzia. Nikiona kijiguu tu najua ni ipi."

Akapanga upya. Safu zikaondoka. Karatasi ya rangi ya maziwa ikaondoka, ikaja ile nyeupe ya fotokopi. Maneno matatu mstari mmoja, mara nyingine mawili. Kwa mwenye jicho la mpiga chapa lilikuwa jambo la kutisha, kila ukurasa unapiga kelele, na ilipofika kubana kurasa pamoja, kitabu kilikuwa kinene kama mkate. Ila maneno yenyewe, yale aliyoyakata na kuyageuza, aliyaacha yalivyo. Aliyakumbuka. Akapita bila kuyarudisha.

Akakipeleka mwenyewe, bila koti la harusi. Shangazi akatoa kigoda nje penye jua, akakiweka kitabu mapajani, akaanza. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya neno. "Mimi. Dorosela. Nilizaliwa. Wakati. Wa baridi." Akasimama akacheka peke yake. "Ni mimi huyu!" akasema, akaendelea.

Gideoni aliletewa viazi vya kuchemsha, akasahau kuvila. Alimsikiliza shangazi akisoma habari za mama yake. Alimsikiliza akisoma chai na vidole vyeusi. Alipofika kwa marehemu Haruni akarudia mstari mmoja mara mbili, si kwa kutouona, ila kwa kuupenda. Jua lilikuwa limeshavuka paa la nyumba alipofungua ukurasa mwingine na kusoma: "Gideoni. Alipoletwa. Kwangu. Nilimpokea. Kwa furaha. Kubwa."

Kidole kikasimama. Akaurudia mstari kimya, midomo ikicheza.

"Nani kasema haya?"

"Wewe, shangazi," Gideoni akasema, huku akijua.

"Mimi? Furaha kubwa! Furaha kubwa ni ya mtu aliyeletewa mbuzi. Mimi nilisema sikukutaka."

Ni kweli. Alisema hivyo hivyo, simu ikiwa juu ya kinu, akipukuchua maharage. Gideoni aliisikia sentensi hiyo mchana mmoja dukani, visikilizio masikioni, mteja wa fotokopi akiwa amesimama mbele yake, na ilimwuma mahali ambapo hakujua kuwa bado pana uhai. Mtu mzima, baba wa watoto, fundi wa herufi, akajiona tena kale katoto kamesimama uani na mfuko wa nguo. Akajiambia kuwa sentensi ile haikukaa vizuri mwisho wa safu, akaibadilisha.

"Nilikuwa na watoto wangu, mahindi yameharibika," shangazi akasema. "Baba yako akakuleta, akaondoka hata chai hajamaliza. Nikasema huyu simtaki. Nikakulaza karibu na mlango. Na wewe ukawa unanifuata shambani kila nikienda, husemi kitu, unafuata tu. Siku moja nikageuka nyuma, hupo. Nikatupa jembe. Nimekimbia, nimeita, nimekwenda mpaka mtoni. Umelala kwenye majani ya viazi, mdomo wazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshakutaka. Nilikuambia yote kwenye simu yako. La jembe umeliweka?"

Gideoni akatikisa kichwa, kisha akakumbuka kuwa haonekani vizuri.

"Hapana, shangazi. Nilipotoa lile la kwanza, la jembe likakosa mahali. Nikatoa yote mawili."

"Basi umejitoa wewe mwenyewe," akasema shangazi, na hapo sauti yake haikuwa ya utani. "Umemweka mtoto mwingine, wa furaha kubwa. Mimi huyo simjui."

Gideoni akataka kusema atakwenda Makambako akapange upya ukurasa, alete wiki ijayo. Akamwona alivyoinamia karatasi, pua karibu iguse, na maneno hayo akayameza. Akatoa mfukoni kalamu ya wino mnene aliyokuwa akiandikia maboksi. Akapiga magoti kando ya kigoda, akaufuta ule mstari wa furaha kwa mchoro mmoja mweusi, na pale kwenye uwazi wa chini akaanza kuandika kwa mkono wake.

Mwandiko wa Gideoni ni mbaya, tuseme tu ukweli. Ndiyo maana alikimbilia mashine. Herufi zikatoka kubwa, zimepinda, hazina vijiguu wala heshima, na shangazi akawa anazifuata kwa kidole nyuma ya kalamu, wino haujakauka.

"Si-ku-m-ta-ka," akasoma. Akacheka mpaka kifua kikamtikisika. "Ndiyo! Hapo sasa. Endelea."

Akaandika la mlango. Akaandika la shambani. Shangazi akasoma kila neno, kidole kimekuwa cheusi. Akaandika "Nikatupa jembe," na shangazi akasoma "Nikatupa jembe," na kalamu ya Gideoni ikasimama juu ya karatasi, hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Shangazi akangoja, uso umeinama pale pale kwenye karatasi, kidole tayari.

"Andika, baba," akasema. "Bado naona."